Kisichofunguka Hakifundishi

Katika nchi zetu hizi mashindano ya magari huzungumzwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni washabiki. Hao husema kwamba mashindano ndiyo maabara ya dunia, na kwamba kila kinachobuniwa huko leo, kesho kitakuwa ndani ya gari la mwalimu na la mkulima. Wa pili ni wapuuzaji. Hao husema kwamba hayo ni makelele ya matajiri wanaochoma mafuta kwa kujifurahisha, na kwamba mtu wa Milola mwenye mikorosho yake na shamba lake la ufuta hana sababu ya kujua lolote juu ya mambo hayo. Wa kwanza wanashangilia bila kuuliza. Wa pili wanadharau bila kuuliza. Nakusudia kuwapinga wote wawili, maana wote wamelikwepa swali moja ambalo ndilo lenye manufaa kwetu: mashine ikishapita na vumbi likishatua, ni nani miongoni mwetu aliyebaki anajua kuifungua?

Swali hili nimeletewa na injini ya aina moja, ile yenye turbo na haibridi kwa pamoja. Turbo mafundi wetu huiita tabo, nami nitawafuata, maana neno likishakaa vizuri mdomoni mwa fundi limekuwa la kwetu. Na kabla sijaingia katika ugomvi, yafaa nieleze mashine yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanaoisifia na wengi wanaoidharau hawaijui.

Kila mtu aliyekaa jikoni anajua kwamba jiko la mkaa likipepewa huwaka zaidi. Injini nayo ni jiko. Huchoma mafuta kwa hewa, na ikipata hewa nyingi zaidi huweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu zaidi. Tabo ni kipepeo cha jiko hilo. Lakini ni kipepeo cha ajabu, kwa kuwa anayekipepea ni moshi wa jiko lenyewe. Ndani yake mna pangaboi mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Ya kwanza husukumwa na moshi wa moto unaokimbilia ekzosi; nayo inapozunguka huizungusha ya pili, ambayo huishindilia hewa safi ndani ya silinda. Moshi ambao ungepotea bure umepewa kazi kabla haujatoka nje.

Haibridi nayo si uchawi. Aliyepata kuendesha baiskeli yenye dainamo usiku anajua kwamba taa ikiwaka, kanyagio huwa zito. Ule uzito ndio umeme wenyewe: mwendo umegeuzwa kuwa mwanga. Gari la haibridi lina mota ya umeme inayofanya kazi kama dainamo hiyo. Dereva anapopunguza mwendo, mota hulizuia gari, na nguvu ambayo ingeishia kuwa joto kwenye breki huingia kwenye betri. Anapotaka kuondoka kwa kasi, umeme uleule huisaidia injini. Basi tabo na haibridi zina fundisho moja: usitupe kilichokwisha kulipiwa. Bibi zetu walilijua fundisho hilo kabla hatujaona injini, ndiyo maana ukoko haukutupwa na makaa yalizimwa ili yawake tena kesho.

Sasa niwageukie washabiki, wale wa maabara ya dunia. Tabo haikuzaliwa katika mashindano. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikia hataza mwaka 1905, na katika miaka ya 1920 ilikuwa ikitumika kwenye injini za dizeli za meli. Ilizoeleka melini na katika malori muda mrefu kabla kampuni ya Renault haijaipeleka katika Formula 1 mwaka 1977, gari lao lilipokuwa likiharibika na kutoa moshi hata wapinzani wakaliita buli la chai la manjano. Haibridi nayo haikuanzia huko. Toyota walianza kuuza gari la Prius nchini Japani mwezi Desemba 1997. Formula 1 ilianza kuokoa nguvu za breki mwaka 2009. Audi wakawa wa kwanza kushinda Le Mans kwa gari la haibridi mwaka 2012. Na injini kamili ya tabo yenye haibridi ikawa sheria ya Formula 1 mwaka 2014. Kwa hiyo mashindano yalichukua kwa mwenye meli, kwa mwenye lori na kwa mama aliyekuwa akienda sokoni Tokyo. Anayesema kwamba sisi watu wa barabarani tunakula makombo ya mashindano ameisoma hadithi kuanzia mwisho.

Wapuuzaji wasifurahi mapema, kwa maana nao nina lao. Mashindano hayakuvumbua vitu hivi, lakini yaliviminya mpaka vikatoa ambayo hakuna aliyeyatazamia. Chukua mfano wa kwetu. Mwaka 1966 na mwaka 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda East African Safari akiwa na Peugeot 404. Wazee wenzangu wanalikumbuka gari hilo, maana ndilo lililobeba abiria wa Afrika nzima. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6, na lilipotoka kiwandani halikufikisha nguvu za farasi 100. Gari lililoshinda Safari ya Kenya mwaka 2022 lilikuwa Toyota GR Yaris la Kalle Rovanperä, kijana wa Finland. Injini yake nayo ilikuwa ya lita 1.6. Lakini kwa tabo na mota ya umeme vikisaidiana, magari ya daraja lile yalipita nguvu za farasi 500. Silinda ni za ukubwa uleule. Kilichobadilika ni elimu.

Au tazama upande wa mafuta. Injini ya petroli ya kawaida hugeuza kama theluthi moja tu ya nguvu iliyomo katika mafuta kuwa kazi. Nyingine huondoka na moshi na maji ya rejeta. Formula 1 ilipoweka sheria ya mwaka 2014, kila gari liliwekewa kikomo cha kilo 100 za mafuta kwa shindano zima. Wahandisi walipobanwa hivyo, wakafunga mota ya umeme hata kwenye shafti ya tabo, ili joto la ekzosi nalo lizae umeme. Mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao, ikiwa juu ya meza ya majaribio, imevuka nusu: zaidi ya asilimia 50 ya nguvu ya mafuta ilikuwa kazi. Mtu anayesema kwamba jambo hilo halimhusu mkulima ambaye bei ya mafuta ya lori ndiyo inayopanga bei ya kubebea korosho yake, hajui anachokisema. Kutopoteza ni somo la maskini kuliko la tajiri.

Hapo ndipo ninapofika kwenye ugomvi wangu wenyewe. Safari ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa safari ya kilomita maelfu, kwenye matope ya masika na vumbi la nyika, na walioijua njia ndio walioishinda. Mbali na Shankland wetu, Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, mara tano. Makampuni ya Ulaya na Japani yalikuja kujifunza hapa yale ambayo barabara zao zisingeweza kuwafundisha: chesisi gani inakatika, rejeta gani inaziba, springi gani inadumu.

Mwaka 1984 ikaja tabo. Toyota Celica ya Björn Waldegård ilishinda Safari, ikashinda tena mwaka 1985 ikiendeshwa na Juha Kankkunen, na mwaka 1986 ikiendeshwa na Waldegård mwenyewe. Nyanda za juu za Kenya ziliifaa tabo, maana huko hewa ni nyepesi. Injini inayovuta hewa kwa pumzi zake yenyewe hupungukiwa na kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, lakini yenye tabo hushindiliwa hewa hata mlimani. Na mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda akiwa na Celica yenye tabo. Kilichokuwa cha wageni kilikuwa tayari kimeingia mikononi mwa mwenyeji katika miaka 10.

Kwa nini kiliingia? Kwa sababu tabo inafunguka. Ina boliti, ina shafti, ina beringi, ina mafuta yanayoipooza. Fundi akiifungua anaona kila kitu kwa macho yake: pangaboi iliyolika, shafti inayocheza, oili iliyovuja. Nendeni Gerezani, Dar es Salaam, mkaone. Pale wapo watu ambao hawakuvuka darasa la saba na ambao wataisikiliza tabo ya lori na kukuambia ugonjwa wake kabla hujazima injini. Hawakufundishwa na semina. Walifundishwa na spana.

Sasa linganisha na haibridi iliyokuja Safari mwaka 2022. Magari ya daraja la juu yalifungwa chombo kimoja kutoka Ujerumani, kampuni ya Compact Dynamics, chenye mota ya kilowati 100 na betri ya kilowati-saa 3.9. Chombo hicho kilikuwa sanduku lililofungwa kwa lakiri. Timu zote zilipewa la namna moja, na hakuna timu iliyoruhusiwa kulifungua. Juu ya gari paliwekwa taa: ya kijani maana yake ni salama, nyekundu maana yake usiguse. Sanduku hilo lilipita kwenye vumbi la Naivasha mwaka 2022, mwaka 2023 na mwaka 2024, na mara zote tatu Toyota ikashinda. Mwishoni mwa mwaka 2024 FIA, wakuu wa mchezo huo duniani, wakaamua liondolewe. Msimu wa 2025 magari yakaja bila sanduku, yamepunguzwa kilo 80, na Toyota ikashinda Safari kama kawaida, safari hii kwa Elfyn Evans. Formula 1 nayo, kuanzia msimu wa 2026, imeitoa ile mota ya kwenye tabo, kwa kuwa ni ghali na ngumu kuitengeneza, ikaiongeza nguvu ile inayookoa mwendo wa breki.

Basi nauliza. Katika miaka hiyo mitatu sanduku lilipokuwa likipita katika ardhi ya Afrika Mashariki, lilituachia nini? Lilituachia alama za matairi na taa nyekundu inayosema usiguse. Tabo katika miaka 10 ilizaa mshindi mwenyeji. Sanduku katika miaka mitatu halikuzaa hata fundi mmoja wa kwetu wa kulifungua, na lisingeweza, maana kulifungua kulikatazwa na sheria.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwanza kwamba lilifungwa kwa ajili ya usalama, kwa kuwa umeme wa betri ile ungeweza kumwua mtu. Ni kweli kabisa, na sitaki mtoto wa mtu afe kwa ajili ya hoja yangu. Lakini umeme wa nguzo nao unaua, na fundi wa TANESCO huupanda kila siku. Haupandi kwa ushujaa. Huupanda kwa sababu alifundishwa lini pana hatari na lini hapana, akapewa glavu, akapewa mwenzake wa kumsimamia. Hatari inataka elimu. Ukiweka taa nyekundu peke yake umemfundisha mtu kuogopa, na mwoga hajifunzi. Husubiri atokee mwingine.

Nitaambiwa pili kwamba hata timu za Ulaya zilikatazwa kulifungua, kwa hiyo hatukuonewa. Hili nalo ni kweli, na ndiyo maana sisemi kwamba tulionewa. Nasema kwamba hasara haikulingana. Fundi wa Ulaya akikatazwa kulifungua sanduku uwanjani, bado liko nchi jirani linakofunguliwa, kuna chuo ambacho mwanawe anaweza kusoma namna ya kuliunda, na kuna kiwanda kinachoweza kumwajiri. Kwake lile ni pazia la mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi. Kwetu ndio mlango pekee tuliouona.

Nitaambiwa tatu, na hili husemwa kwa upole wa kutuliza watoto, kwamba sisi bado, kwamba tuanze na jembe la trekta kwanza na hayo ya haibridi yatakuja kwa wakati wake. Wakati wake umekwisha kufika. Magari ya haibridi yaliyotumika Japani yanateremshwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kila moja lina betri kubwa ambayo siku moja itachoka. Siku hiyo mwenye gari atasimama barabarani na fundi wa mwembeni atainua boneti, ataona nyaya za rangi ya machungwa, atakumbuka kwamba aliambiwa asiguse, na atafunga boneti. Gari litakuwa banda la kuku. Hayo si mambo ya wajukuu wetu. Ni mambo ya wanafunzi walio darasani sasa hivi.

Tena sisi wa mkoa wa Lindi tuna sababu ya ziada ya kutotulizwa. Ndani ya betri za lithiamu, upande wake hasi hutengenezwa kwa kinywe, na kinywe kimo katika ardhi ya Ruangwa, wilaya ya mkoa wetu huu huu. Sidai kwamba kinywe cha Ruangwa kiliwahi kupita Naivasha ndani ya sanduku. Nasema jambo dogo kuliko hilo, na zito zaidi: haipendezi nchi inayochimba kiini cha betri iwe na watoto wanaodhani betri ni kitu cha kununuliwa tu. Mkulima wa korosho anajua jinsi inavyouma kuuza korosho ghafi na kuiona imerudi dukani ndani ya pakiti ya kigeni. Je, na kinywe tukiuze kwa ujinga uleule?

Hapa washabiki na wapuuzaji wataungana kunitaka niseme nani alaumiwe. Sitamtaja Mjerumani wala Mjapani. Wao waliunda chao wakakifunga, na ni haki yao. Nitawataja watu wa kazi yangu, walimu. Tumekuwa na hekima ya Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali. Maneno tunayo tele. Lakini ipo shule moja, jina lake naliacha, iliyopewa na wafadhili injini nzima ya kufundishia. Ilifungiwa stoo miaka na miaka ili wanafunzi wasiiharibu. Ilikaa na grisi yake ya kiwandani, na hali ubaoni wanafunzi walinakili mchoro wa injini kwa chaki za rangi, wakaukariri, wakafaulu. Hiyo ilikuwa injini ya mafuta ya kawaida, isiyo na umeme wa kumwua mtu wala lakiri ya Mjerumani. Sanduku lile tulilifunga wenyewe.

Kwa hiyo madai yangu ni machache. Chuo kinachofundisha walimu wa fizikia kisimpe mtu cheti kabla hajafungua tabo iliyokufa na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya darasa, kipande kwa kipande. Shule yenye mkondo wa amali itafutiwe gari la haibridi lililochakaa. Betri ikatwe na anayejua, kisha wanafunzi waione mota yake ikiwa uchi. Baiskeli yenye dainamo iwe kifaa cha maabara, maana mtoto aliyeuhisi uzito wa kanyagio taa inapowaka ameielewa haibridi kuliko aliyenakili kurasa 10. Na mashindano ya Safari yanapokuja tena Naivasha, wakubwa wa nchi zetu wanaoyakaribisha waombe, pamoja na fedha za watalii, siku moja tu ambapo wahandisi wa makampuni hayo watasimama mbele ya wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki, injini iko mezani, imefunguliwa.

Wakikataa, tutakuwa tumejua tunavyohesabiwa. Lakini hatuna haja ya kusubiri jibu lao ndipo tuanze. Vijana wa bodaboda hapa Milola huzifungua pikipiki zao juu ya gunia chini ya mwembe, wakapanga boliti moja moja ili zisipotee, na jioni pikipiki inaondoka. Hao wamekwisha kuanza bila sisi. Tunachodaiwa sisi walimu ni kwenda stoo na funguo, kuitoa injini nje kwenye mwanga, na kuwaacha watoto wachafuke mikono.